Nimelipa ili Nitikiswe

Ndugu zangu wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli, kule Kindu,

Nawaandikia kutoka Salt Lake City. Leo sina habari ya kazi wala ya makaratasi. Nataka mjue kwamba nimetoa pesa zangu, kwa akili timamu, nikapandishwa gari ili nitikiswe kwenye njia mbaya.

Msicheke kwanza.

Mji wenyewe unaitwa Moab, mwendo wa saa nne hivi kutoka hapa. Ni jangwa, miamba mitupu myekundu, na mto Colorado umeikata mpaka yamebaki makorongo ambayo ukichungulia tu magoti yanalegea. Njia tuliyopelekwa inaitwa Hell's Revenge, yaani Kisasi cha Jehanamu. Nikacheka kimoyomoyo. Sisi tuliokunywa maji ya Lualaba, mto unaopita Portes d'Enfer, Milango ya Jehanamu, kule Kongolo, ndio wa kutishwa na jina?

Shofeli alikuwa mama wa makamo, mkavu wa maneno. Alituambia mwamba ule zamani za kale ulikuwa vilima vya mchanga, mchanga ukashikamana ukawa jiwe. Nililigusa: msasa mtupu, na juu yake mistari myeusi ya mpira wa matairi. Tulipofika kwenye mgongo wa mwamba uliosimama kama paa la nyumba, aliingiza gia ya chini kabisa, akaacha gari litambae. Mbele sikuona njia, niliona boneti na mbingu. Kijana mmoja nyuma akapiga kelele aongeze mafuta. Mama hakumjibu.

Hapo nikamkumbuka mjomba, dereva wa lori. Wanaomjua wanajua: lori la Kalima, ukishavuka mto kwa kivuko, halafu tope. Alikuwa akishuka miguu mitupu, anachoma tope kwa fimbo hatua kwa hatua, anapanga magogo, ndipo anarudi kwenye usukani. Naye hakuongeza mafuta kwa kelele za abiria. Ufundi ni ule ule. Ila huyu mama akishuka anapigiwa makofi na kupewa bahashishi. Mjomba alikuwa akifika Kindu siku ya nne, anapokelewa na matusi ya wenye mchele.

Tulipopumzika, mama alitukataza kukanyaga udongo mweusi wenye vinundu kando ya njia. Kumbe uko hai, ni vijidudu na kuvu vinavyoshika mchanga usipeperuke, na ukiuvunja unachukua miaka mingi kupona. Kisha akaeleza kwamba njia nyingi za huko hazikutengenezwa kwa ajili ya watalii. White Rim, yenye urefu wa kilomita 160 hivi, ilichongwa miaka ya 1950 na Tume ya Nishati ya Atomiki ili watu wafuate urani. Mwaka 1952 Charlie Steen aligundua urani nyingi kusini mwa Moab, na mji ukafurika.

Nikamuuliza kama amewahi kusikia mgodi wetu wa urani wa Shinkolobwe, kule Katanga. Hakuwahi. Nikamweleza kwamba kabla ya Steen, tayari mwaka 1940, zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani ya Katanga zilikuwa zimefikishwa ghalani New York, na kwamba urani ya Kongo ndiyo iliyoingia kwenye bomu la Hiroshima. Akazima injini anisikilize. Kwa muda tulisikia upepo tu.

Huko Moab urani ilipoteza thamani, njia zikabaki, leo zinalisha mji. Kalima nayo ilikuwa na kampuni ya madini ya SYMETAIN, ikaja SOMINKI, kasiteriti ikatoka kwa tani, na barabara mnaijua wenyewe, msitu unaidai irudi. Huko Moab hata takataka za kiwanda cha urani, tani milioni 16 kando ya mto, zilianza kuhamishwa mwaka 2009 kwa gari la moshi. Takataka zikapewa ratiba ya gari la moshi! Nililinyamazia hilo, nikawafikiria mnaolala stesheni ya Kindu na mizigo yenu.

Mjomba, ile fimbo bado ipo? Mama yule anasema mwamba anaujua, ila tope linamshinda, na ameniomba nikuulize unavyotambua penye kubeba lori na penye kulimeza. Nitumie sauti kwenye WhatsApp. Sema polepole, nitamtafsiria.