Seva iwe Garissa, si Ulaya

Juzi niliitwa na ofisi moja hapa Garissa. Orodha ya basari ilikuwa na nakala tatu: moja kwenye flashi, nyingine kwenye barua pepe, ya tatu kwa bosi aliye Nairobi. Watoto kadhaa walikuwa kwenye nakala moja tu. Mtoto akikosa karo kwa sababu ya faili, mama yake tutamwambia nini?

Dawa ipo tangu 1999, inaitwa WebDAV. Faili inakaa kwenye seva ya wavuti. Unaifungua kwa LibreOffice, unaihariri, ukibofya hifadhi inarudi kulekule. Ukiwa ndani seva huifunga, kwa hiyo mwenzako aliye Dadaab akiijaribu anaambiwa ina mtu. Mambo ya "orodha_mwisho_mpya2" yanakwisha. Apache ina moduli yake, mod_dav, bila malipo. (Microsoft ilitangaza 2023 kuwa inaachana na huduma yake ya WebDAV ndani ya Windows. LibreOffice haiihitaji.)

Najua mtasema: na mtandao wetu huu? Kweli. Al-Shabaab wamelipua minara ya simu huku Kaskazini Mashariki mara kadhaa. Mtandao ukikatika katikati ya kuhifadhi, kazi inabaki kwenye kompyuta yako, na kufuli huenda likabaki kwenye seva mpaka muda wake uishe. Ndiyo maana nasema seva msikodi Ulaya. Kompyuta ya zamani yenye Linux, kwenye waya wa ofisi yenyewe, inatosha. Nje kukikatika, walio ndani wanaendelea kuhifadhi. Aliye Nairobi atasubiri. Halafu kila jioni mtu atoe nakala ya akiba, na hapo tu ndipo flashi iruhusiwe.