Majibu ya mke si ya mume

Makala yako kuhusu vipimo vya wajawazito ni nzuri, ila sisi wanaume umetuacha. Huku kwetu, kadi ya kliniki ya mama mjamzito ikionyesha hana VVU wala kaswende, mumewe naye anajihesabu mzima. Jamani, si kweli! Kaswende ina hila: kidonda cha mwanzo hakiumi na kinapona chenyewe, mtu akadhani yameisha, kumbe ugonjwa umo mwilini. Akimwambukiza mkewe mjamzito, mtoto anaweza kuzaliwa amekufa. Kipimo ni tone la damu ya kidoleni, majibu ndani ya dakika 20 hivi, na ikigundulika mapema tiba ni sindano ya penisilini. Nanyi wauguzi, tafadhali, tukija kupima msituulize mambo ya chumbani kwa sauti mbele ya foleni. Wengi wetu hugeuzia pale pale mlangoni.