Nishani ya Ruben Rivers iliyochelewa miaka 52

Ruben Rivers, sajenti wa vifaru katika Jeshi la Marekani, aliuawa mashariki mwa Ufaransa tarehe 19 Novemba 1944. Medali ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya ushujaa nchini mwake, ilikabidhiwa kwa familia yake tarehe 13 Januari 1997. Mashahidi hawakukosekana: wenzake walimwona, na kamanda wake alimpendekeza mara tu baada ya kifo chake.

Rivers, mzaliwa wa Oklahoma, alitumikia Batalioni ya 761 ya vifaru, kikosi cha askari Weusi katika jeshi lililokuwa likiwatenga watu kwa rangi. Batalioni hiyo, iliyokuwa chini ya Jenerali George Patton, iliingia vitani mwanzoni mwa Novemba 1944. Katika siku hizo za mwanzo za mapigano, karibu na Vic-sur-Seille, msafara ulizuiwa na mti ulioangushwa barabarani na kutegwa mabomu. Vifaru vikisimama hivyo huwa shabaha rahisi. Rivers alishuka huku adui akifyatua risasi, akaufunga mti kwa waya mnene wa chuma, ukavutwa kando na njia ikafunguka. Kwa tendo hilo alipewa Nyota ya Fedha.

Lililofuata lilikuwa zito zaidi. Kifaru chake kilipokuwa kikielekea mji wa Guebling, kilikanyaga bomu la ardhini, na mguu wake ukapasuka hadi mfupa ukaonekana. Alikataa sindano ya mofini, akakataa pia kupelekwa nyuma kwa matibabu, akahamia kifaru kingine na kuendelea kuongoza mapigano. Kapteni David Williams, kamanda wa kombania, alimsihi aondoke, naye hakukubali. Ujasiri wa dakika moja huweza kutokana na kutojua hatari. Rivers aliijua hatari kwa maumivu yake mwenyewe, na kila siku alikuwa na ruhusa ya kuondoka kwa heshima.

Alfajiri ya tarehe 19 kombania ilisonga kuelekea Bourgaltroff, ikakutana na moto mkali wa silaha za kupambana na vifaru. Williams aliamuru kurudi nyuma na kujificha. Rivers alijibu kwa redio kwamba anamwona adui na atapigana naye. Yeye na kifaru kingine kimoja walifyatua mizinga ili wenzao wapate kuondoka. Kifaru chake kilipigwa. Yeye akafa, na waliokuwa naye ndani wakajeruhiwa.

Pendekezo la nishani hupanda ngazi, kuanzia kombania hadi makao makuu, na ofisa yeyote njiani anaweza kulikwamisha. La Rivers halikufika popote. Kati ya askari Weusi zaidi ya milioni moja waliotumikia Vita vya Pili vya Dunia, hakuna hata mmoja aliyekuwa amepewa Medali ya Heshima kwa vita hivyo hadi mwaka 1993, Jeshi lilipoagiza Chuo Kikuu cha Shaw kichunguze sababu. Watafiti walibainisha ubaguzi wa rangi. Bunge likaondoa ukomo wa muda uliowekwa na sheria, na Rais Bill Clinton akatoa medali saba. Sita zilipokewa kwa niaba ya marehemu. Vernon Baker pekee ndiye aliyekuwa hai kuipokea yake.