Sukre kwenye meza ya sikukuu



Katika parokia zetu za Kasongo na Kabambare, heshima ya sikukuu imeanza kupimwa kwa idadi ya chupa. Mtoto akipokea Komunyo ya Kwanza au ndoa ikifungwa, na sukre isionekane mezani, wageni hunong'ona kwamba wenyeji hawakujiweza. Mara nyingi sukre huletwa kwa sababu ya haya, wala si kwa sababu ya kiu.

Chupa moja ya sentilita 33 huweza kuwa na gramu 35 za sukari, karibu vijiko vidogo tisa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba ingefaa mtu asizidi gramu 25 hivi kwa siku. Anayezoea kupita kiasi hicho huharibu meno, huongezeka uzito, na hujikaribishia ugonjwa wa sukari. Baadhi ya wagonjwa wake huhitaji insulini, dawa inayotunzwa penye baridi. Nanyi mwajua friji ni ngapi vijijini mwetu.

Linalonisikitisha zaidi ni desturi ya kumpelekea mgonjwa sukre, hasa ile nyekundu, kwa imani kwamba inaongeza damu. Rangi si damu! Mtoto aliyepungukiwa damu kwa malaria ahitaji kwanza kupimwa na kutibiwa, kisha chakula chenye madini ya chuma: lengalenga, maharagwe, samaki, nyama ikipatikana. Fedha ya chupa mbili ingenunua mboga za siku kadhaa, lakini fungu la lengalenga halionekani kuwa zawadi, basi twaona aibu kulibeba.

Wengine watajibu kwamba chupa iliyofungwa ni salama kuliko maji ya kisima. Neno hilo lina uzito, kwa maana kipindupindu twakijua. Hata hivyo maji yaliyochemka vizuri na kutunzwa katika chombo safi chenye kifuniko ni salama pia. Yaweza kutiwa ndimu au tangawizi, bila kumimina sukari juu yake, la sivyo tumepika sukre nyingine.

Kwa Kipaimara kijacho, vijana wanaoandaa meza wachemshe maji jioni ya kuamkia sikukuu. Sukre ikiwapo, iwe chache. Na maji hayo yawekwe kwanza mbele ya padri na wazee, yasije yakaonekana kuwa kinywaji cha waliokosa.