Nywila isiandikwe ndani ya amri

Ndugu mwandishi, mfano wa curl kwenye makala yako unanitia hofu. Ukiandika jina na nywila baada ya -u, amri nzima inabaki kwenye faili la .bash_history. Huku Ngara na Biharamulo kompyuta moja ya ofisi hutumiwa na watu wengi, na takwimu za zahanati zinaingia kwenye mfumo wa DHIS2. Atakayefungua faili hilo kesho anaingia kwa jina lako.

Base64, ambayo -u huitumia kutuma nywila, nayo si ulinzi. Yeyote anaifungua mara moja. Kinachokinga njiani ni HTTPS, basi hata curl ikilalamikia cheti cha seva, usiweke -k ya kuzima ukaguzi huo.

Matoleo mapya ya DHIS2 yana tokeni binafsi: unaipa tarehe ya kuisha, unairuhusu GET peke yake, na ikivuja unaifuta bila kugusa nywila. Andika kichwa cha Authorization kwenye faili, lipe chmod 600, kisha -H @ na jina la faili; curl inakubali hivyo tangu 2017.

Tena hapa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023. Tafadhali rekebisha mfano wako wa curl, vijana wanaunakili ulivyo.