Deni Lilipwe, Utu Ulindwe

Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Siku hizi harusi hiyo hufanyika katika simu, usiku, bila shahidi. Waumini wengi nchini Kenya wamekopa karo au dawa, wakashindwa kulipa, na majina yao yakapelekwa katika ofisi za kumbukumbu za mikopo, maarufu kama CRB. Tangu hapo hawakopesheki tena.

Hatusemi kwamba deni lisilipwe. Dawa ya deni ni kulipa, na fedha zinazokopeshwa mara nyingi ni akiba ya mnyonge mwingine. Lakini haki ina pande mbili. Sheria ya Musa ilikataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana aliyenyang'anywa jiwe hilo hawezi kula wala kulipa. Jina jema ndilo jiwe la kusagia la mkopaji wa leo.

Kwa hiyo ni wajibu wetu kuzifahamu haki zetu. Mkopeshaji hupaswa kumpa mdaiwa notisi ya siku 30 kabla ya kumworodhesha. Kila mmoja ana haki ya kupata taarifa yake ya mikopo bila malipo mara moja kwa mwaka, na kudai makosa yaliyomo yasahihishwe. Mwaka 2020 Benki Kuu ilizuia kuorodheshwa kwa madeni yasiyofika shilingi 1,000. Kanuni za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa simu kumtisha mdaiwa, kumwaibisha au kuwapigia jamaa zake.

Novemba 2022 ulitangazwa mpango wa kupunguza angalau nusu ya madeni ya simu yaliyoshindikana katika benki, kwa mdaiwa ambaye angelipa salio kufikia mwisho wa Mei 2023. Mpango huo umekwisha. Anayedaiwa leo hana budi kujitafutia mapatano. Basi na aandike madeni yake yote, pasipo kuficha hata moja. Asikope ili kulipa deni jingine: mkopo wenye ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, ukirudiwa kila mwezi, humgharimu asilimia 90 kwa mwaka. Amwendee mkopeshaji, wapatane malipo ya kidogo kidogo kwa maandishi, na akimaliza adai hati ya kutodaiwa. Kumbukumbu ya kuchelewa hubaki miaka mitano baada ya deni kulipwa, lakini huonyesha kwamba limelipwa. Ajihadhari na wanaoahidi kufuta jina kwa malipo. Hao humwongezea hasara.

Kwenu viongozi wa jumuiya ndogo ndogo tunatoa wito: deni la ndugu lisiwe hadithi ya barazani. Msikilizeni kwa faragha, msindikizeni kwa mkopeshaji, mfundisheni kuweka akiba. Mwenye deni asikimbie, na mwenye jina safi asimcheke.