Nyumba Bila Majina

Ndugu zangu wa ukoo,

Nimepanga chumba King's Cross, London, jirani na Coal Drops Yard. Maghala yale yalijengwa karne ya 19 kupokea makaa ya mawe kutoka kaskazini mwa Uingereza. Tangu 2018 ni maduka ya fahari. Matofali yametunzwa, lakini sijamsikia jirani akiwataja waliobeba makaa.

Siuchukii uzuri huu. Naufurahia, ingawa kodi yake inameza nusu ya mshahara wangu. Ila kila nipitapo hapo naikumbuka nyumba ya babu kule Mji Mkongwe, Unguja, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Leo nyumba ile ni hoteli. Mlango wa nakshi ungalipo. Walioketi barazani hawajulikani.

Kuhifadhi jengo na kuwasahau wakazi wake ni kuhifadhi kasha tupu. Wala tusiwalaumu wageni peke yao: sisi ndio tuliouza. Basi tuandike majina ya waliozaliwa humo, na ya watumishi waliotulea, kabla wazee wetu hawajatutoka. Nyumba imekwenda, majina bado tunayo.